Kuzuru mahekalu ya Mto Nile: meli ya kitalii, dahabiya au faluka?

Wengi wanaopanga kwenda Misri wanakwama sehemu moja. Ndege wameshaiangalia, Luxor na Aswan wanajua ndo penyewe, afu wakifika kwenye chombo cha kupanda mambo yanagoma, manake tangazo moja linaonyesha meli ya ghorofa nne yenye bwawa la kuogelea juu, lingine boti la matanga mawili lenye vyumba vichache (dahabiya), la tatu mashua ya wazi yenye magodoro tu (faluka), na bei zinapishana mpaka mtu anahisi kuna mmoja hapo anataka kumuibia. Kitu ambacho matangazo hayasemi ni kwamba hivi vyombo vitatu havikupeleki kwenye magofu yale yale, na hata pale vinapopita sehemu moja havifiki saa moja. Mi naona hilo ndo la kuanzia, bwawa na godoro baadaye.

Kwahiyo hapa tunavipima vyote kwa maswali yale yale: unashuka kwenye magofu gani, unafika saa ngapi na umati wa kiasi gani, maisha ndani ya chombo yakoje (kulala, kula, choo, tusioneane aibu), hela, na mwisho ratiba na upepo. Tunaongelea kipande cha Luxor mpaka Aswan tu, kilomita 200 na kidogo za mto, maana ndo kipande ambacho mahekalu yamejipanga ukingoni.

Jambo moja la kuweka sawa kabla hatujaenda mbali. Nile inatiririka kwenda kaskazini, maji ya Ziwa Victoria yanayotokea Jinja yakishaungana na ya Ethiopia pale Khartoum yanashuka huko, kwahiyo kutoka Luxor kwenda Aswan unaenda kusini lakini unapanda mto. Na upepo wa pale kwa kawaida unavuma kutoka kaskazini. Yaani ukienda kusini unatweka tanga na ukirudi kaskazini unaachia mkondo ukubebe, ndo maana wale Wamisri wa kale wakitaka kuandika kusafiri kusini walichora boti lenye tanga na kusafiri kaskazini boti lisilo na tanga. Mpaka leo hilo ndo linaamua faluka inaanzia wapi na dahabiya inaenda wapi.

Vitu ambavyo havibadiliki hata upande nini

Hekalu la Karnak lenye ule ukumbi wa nguzo 134, hekalu la Luxor lenye msikiti wa Abu al-Haggag juu ya magofu, Bonde la Wafalme alipofukuliwa Tutankhamun mwaka 1922, hekalu la malkia Hatshepsut lenye michoro ya msafara wa kwenda nchi ya Punt (wataalamu wengi wanaiweka huku pembe ya Afrika, kwahiyo ukifika kitafute huo ukuta), hivyi vyote unavifikia kwa gari ukiwa Luxor. Aswan nako ni hivyo hivyo: hekalu la mungu wa kike Isis la Philae unaenda kwa motaboti kwenye kisiwa cha Agilkia, lilihamishiwa hapo jiwe kwa jiwe miaka ya 70 ili lisimezwe na maji, na ule mnara uliopasuka ukiwa bado umelala kwenye mwamba, karibu mita 42, uko mjini unaenda kwa teksi. Abu Simbel, yale mahekalu ya farao Ramses wa Pili, ni mbali, kama kilomita 280 kusini ya Aswan, magari yanaondoka mida ya saa 10 alfajiri.

Kwahiyo mtu akikuuzia chombo chake kwa kukuhesabia Karnak na Abu Simbel, mwambie hizo utaziona tu. Muulize katikati ya Luxor na Aswan unashuka wapi.

Unashuka kwenye magofu gani

Meli kubwa katikati inasimama sehemu mbili: Edfu na Kom Ombo. Mji wa Esna meli nyingi zinaupita tu, zinasubiri zamu kwenye lango la kupandishia meli maji afu zinaendelea. Usidharau lakini, maana hizo mbili ni nzito. Hekalu la Horus, mungu mwewe, pale Edfu lilianza kujengwa mwaka 237 KK likamalizika 57 KK, malango yake yana urefu wa mita 36, na limebaki karibu zima kwa sababu lilifukiwa na mchanga karne nyingi mpaka wanakijiji wakajenga nyumba zao juu ya paa bila shida, likaja kufukuliwa kuanzia mwaka 1860. Paa lipo, kuta zipo, vyumba vya ndani vina giza kweli kama walivyokusudia wenyewe. Kom Ombo ni hekalu la pacha, nusu la Sobeki mungu mamba na nusu la Horus mkubwa, kila kitu kimejengwa mara mbili, na pembeni kuna makumbusho ya mamba waliokaushwa wakazikwa kama watu. Ukutani kuna michoro ambayo waongozaji watakwambia ni vifaa vya upasuaji, utaona wenyewe watalii wamejazana hapo na simu juu.

Dahabiya inasimama hizo hizo mbili, afu inaongeza zile ambazo meli haina pa kuegesha au haina muda nazo. Mara nyingi unaipandia Esna, kwahiyo hekalu la mungu Khnum unaliona: kilichobaki ni ukumbi wa mbele wenye nguzo 24, uko chini ya usawa wa mtaa kama mita 9 hivi, unashuka ngazi katikati ya soko, na baada ya kusafisha masizi miaka hii ya karibuni rangi za dari zimetokea utafikiri zimepakwa juzi. Afu El Kab, mji wa zamani uliozungushiwa ukuta mnene wa matofali ya udongo, ambako kwenye mlima kuna kaburi la Ahmose mwana wa Ebana, huyu alikuwa askari wa majini na ameandika ukutani habari za vita vyake vya kuwafukuza Wahyksos (wageni kutoka Asia waliotawala kaskazini ya Misri), miaka kama 3,500 iliyopita. Baharia anasimulia mwenyewe! Kwangu hii inazidi masanamu mengi ya mafarao. Halafu Gebel el-Silsila, pale mto unapobanwa na miamba pande zote, ndo machimbo yaliyotoa mawe ya kujengea mahekalu mengi utakayoyaona njia nzima, unaona alama za patasi na vijihekalu vilivyochongwa ndani ya mwamba, cha farao Horemheb kikiwa kikubwa. Meli kubwa zinapita hapo, abiria wanaona kwa mbali wakiwa na juisi mkononi.

Faluka kwa magofu ndo dhaifu na ni vizuri kusema ukweli. Nyingi zinaanzia Aswan zinashuka na mkondo usiku mmoja au mbili kuelekea Kom Ombo, ukifika huko unahamia kwenye gari dogo linalokupitisha Edfu mpaka Luxor. Kwahiyo mahekalu unayaona lakini kwa barabara, wala sio kwa mto. Inachokupa faluka ni Aswan yenyewe kwa karibu: kisiwa cha Elephantine na kile kipimo cha kale cha kujaa kwa mto, vijiji vya Wanubi, bustani ya miti ya Kisiwa cha Kitchener, na upande wa magharibi juu ya kilima kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismaili, yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mjukuu wake Karim, ambaye utoto wake sehemu aliuishi Nairobi, naye amezikwa Aswan mwaka 2025. Ndani ya lile jengo watalii hawaingii, kwahiyo kuliona kutoka majini ndo kuliona kwenyewe.

Saa ngapi na umati wa kiasi gani

Hapa ndo tofauti inauma. Meli kubwa zina ratiba zinazofanana, kwahiyo Edfu zinafika kwa kundi na abiria wote wanateremka asubuhi mapema kugombea vigari vya farasi vya kwenda hekaluni, kelele, vumbi, wenye farasi wanavutana bei, na mkifika ndani mnaingia chumba cha ndani kabisa kwa foleni. Nusu saa, saa moja, mwongozaji anaita turudi. Kom Ombo ni afadhali kwa sababu hekalu liko ukingoni unatembea kwa miguu, na meli nyingi zinafika jua likizama au taa zimeshawashwa, mandhari ni ya kuvutia sana lakini uko na watu mia kadhaa.

Dahabiya zinapenda kufika meli zikishaondoka. Sio kila mara inawezekana, ila nahodha na mwongozaji wana nafasi ya kusema leo tunangoja mpaka mchana. El Kab na Silsila unaweza kukuta ni nyie tu na mlinzi wa pale na funguo zake. Hii kwa mtu anayependa kusoma ukuta taratibu ina thamani kubwa, kwa mtu anayetaka picha tatu na kuondoka haina thamani yoyote, na sio dhambi.

Faluka ukifika mahekaluni uko kwenye gari, kwahiyo saa inategemea mliyokubaliana na dereva. Mkiwa kundi la marafiki mnaweza kumwambia atusubiri mpaka watu wapungue. Mkiwa mmechanganywa na wageni wengine inabidi mkubaliane, na kuna mmoja kila mara ana treni ya kuwahi.

Kulala, kula, choo

Meli ni hoteli inayoelea. Chumba chenye bafu na kiyoyozi, chakula cha bafe mara tatu, muziki usiku, mara nyingine usiku wa kuvaa kanzu za Kimisri na kucheza. Kuna mambo mawili hawaweki kwenye picha. La kwanza, bandarini meli zinafungwa ubavu kwa ubavu hata tano, unapita kwenye mapokezi ya meli za watu kufika nchi kavu, na dirisha lako ulilolipia kuona Nile linaweza kutazamana na dirisha la jirani, funga pazia. La pili, injini na jenereta zinaunguruma, kwahiyo omba chumba cha ghorofa ya juu kidogo na mbali na nyuma. Kitu cha kufurahisha ni pale Esna, wauzaji wanakuja na vimashua wanarusha nguo na vitambaa vya meza mpaka juu ya sitaha, unajadili bei ukiwa ghorofa ya nne, ukiafiki unarudisha hela kwenye mfuko. Mchezo wa aina yake huo.

Dahabiya ina vyumba kama sita mpaka kumi, kila kimoja na bafu lake, meza moja ndefu ya kula wote pamoja. Chakula kinapikwa humo humo na samaki na mboga wananunua vijijini njiani. Haina injini yake, upepo ukikata kuna boti dogo linaivuta. Usiku inafungwa kwenye ukingo wa shamba au kisiwani, kimya kabisa. Ubaya wake ni kwamba mkiwa watu kumi na mbili na mmoja ana mdomo, mtakula naye siku zote nne au tano, hamna pa kumkimbia.

Faluka ni mashua ya tanga la pembetatu, watu wa Lamu na Zanzibar wataiona na kusema hili si tanga la jahazi, na kweli ni la ukoo huo huo. Sitaha nzima ni godoro na mito, juu wanatandika turubai la kivuli, mnakula hapo mnalala hapo. Mabaharia wengi ni Wanubi, wanapika maharage ya ful, wali, mboga, mkate, chai haikauki, na usiku ngoma zinatoka kwenye moto wa ukingoni. Choo hamna. Mnashuka ukingoni nyuma ya kichaka, ama kama mna bahati kuna boti la pili linalofuata lenye choo. Wadada waulize hili kabla ya kulipa, swali moja tu, na jibu la "usijali" lisikubalike. Halafu Disemba na Januari usiku kuna baridi ya kweli, watu wa pwani msije na kikoi peke yake.

Kwa Waislamu kula halali sio tatizo kwenye chombo chochote. Pombe meli inauza, dahabiya inategemea mwenyewe, faluka ujibebee.

Hela

Sitaji bei maana paundi ya Misri inayumba na ukisoma hii miezi sita baadaye itakuwa uongo. Mpangilio ndo huu: faluka ni chee kupita zote, meli iko katikati lakini ina tabaka nyingi sana, kuna za bei ya kawaida kabisa na kuna za kifahari zinazopita dahabiya, na dahabiya kwa usiku mmoja kwa kawaida ni ghali kwa sababu gharama ya mabaharia wote inagawanywa kwa vichwa vichache.

Angalia ndani ya bei kuna nini. Meli nyingi zinaweka chakula ila vinywaji juu yako, na viingilio vya mahekalu mara nyingine vimo mara nyingine havimo. Dahabiya mara nyingi wanakuja na mwongozaji na viingilio pamoja. Faluka unalipia mashua, kwahiyo mkiwa sita mnagawana vizuri na ukiwa peke yako unatafuta wenzio pale Aswan au unalipa yote. Bakshishi iwekee fungu tangu nyumbani, kwenye meli huwa kuna bahasha ya pamoja siku ya mwisho, kwenye faluka unampa nahodha mkononi. Na siku hizi madirisha ya tiketi ya magofu makubwa yanataka kadi ya benki, pesa taslimu wanakurudisha nayo, hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya nchi. Mwanafunzi mwenye kitambulisho analipa nusu, usiache hiyo.

Ratiba na upepo

Meli inaondoka saa yake: usiku tatu kutoka Aswan, usiku nne kutoka Luxor, siku maalumu za wiki. Una ndege ya kurudi Nairobi au Dar kupitia Cairo tarehe fulani, meli haikuangushi kirahisi, ila pale Esna foleni ikiwa ndefu mnaweza kukaa masaa.

Dahabiya kwa sababu inaanzia juu ya Esna hilo lango hailipiti kabisa. Upepo wa kaskazini unaisukuma kwenda Aswan, na ukikataa lile boti la kuvuta lipo, kwahiyo inachelewa kidogo lakini inafika. Gari la kutoka Luxor mpaka Esna ni kama saa moja, uliza kama limo kwenye bei.

Faluka haina ahadi. Siku upepo wa kaskazini ni mkali mnakata kona kushoto kulia mto mzima na mmesogea kidogo tu, siku hamna upepo mnaelea na mkondo. Nahodha anakisia mtashukia wapi na gari linawafuata huko. Ukiwa na ndege kesho yake usipande faluka leo, basi.

Msimu kwa vyote ni Oktoba mpaka Aprili. Kiangazi Luxor na Aswan joto linapita nyuzi 40, bei zinashuka kweli, lakini kwenye faluka utateseka, kwenye meli kuna kiyoyozi ila hekaluni hakipo. Ramadhani sehemu nyingi zinafunga mapema, panga asubuhi. Na kadi ya homa ya manjano ibebe, ukitokea nchi zetu hizi wanaweza kuiulizia.

Sasa kwa hali yako

Unaenda na mama mkwe, wazee au watoto wadogo: meli. Choo, kitanda, daktari wa kuitwa, na asiyejisikia kushuka Edfu anabaki kwenye kivuli bila kuharibia wengine. Tahadhari tu ni kwamba kuna ngazi za ukingoni na kuvuka meli za jirani, mwenye magoti mabovu aulizie mapema.

Likizo ni ya siku chache na ndo mara ya kwanza Misri: meli tena, kutoka Aswan usiku tatu, uone Edfu na Kom Ombo na Luxor ibaki mwishoni. Ukiwa na bajeti ndogo na meli inakushinda, panda treni au gari la Luxor mpaka Aswan na simama mahekaluni njiani, afu chukua faluka ya masaa mawili tu jioni pale Aswan. Hiyo watu wanaisahau na ni nzuri kuliko kulazimisha usiku mbili bila choo.

Mwalimu wa historia, mpenda makaburi na maandishi, au wale wa fungate wanaotaka utulivu: dahabiya, kama hela ipo. El Kab na Silsila kwa maji hutazipata kwenye hizo nyingine mbili. Ukiwa peke yako uliza kabisa nyongeza ya chumba cha mtu mmoja, inaweza kukushtua.

Vijana kundi, mizigo ni mabegi ya mgongoni, mahekalu mtayaona lakini mnachotaka zaidi ni mto wenyewe: faluka, usiku mmoja kwanza. Mkiupenda ongezeni wa pili pale pale, mabaharia hawakatai, ila iongeleeni kabla ya chakula kununuliwa.

Na yule aliyekwisha kwenda Luxor na Aswan tayari, kuna meli chache zinazotembea ziwa Nasser, juu ya lile bwawa kubwa la Aswan linalozuia mto, kati ya Aswan na Abu Simbel, zinasimama Kalabsha, Wadi el-Seboua na Amada, mahekalu yaliyohamishwa maji yalipopanda. Huko umati ni mdogo na unaamka asubuhi uko mbele ya Ramses bila kupanda gari la saa 10 alfajiri. Zipo chache, kwahiyo buku mapema.